Alama ya Tairi Ina Bei Yake

Dereva anayetoka Arusha kwenda Ndutu kwa Land Cruiser hukutana na barabara mbili tofauti ndani ya safari moja. Kwanza ni lami, kupitia Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu hadi lango la Loduare. Baada ya hapo ni vumbi na changarawe, kisha njia za udongo laini karibu na ziwa. Gari halibadiliki, injini haibadiliki, mzigo ni uleule, lakini kinachomaliza mafuta kwenye tangi hubadilika kabisa. Kwenye lami, gari hushindana na hewa. Kwenye udongo laini, hushindana na ardhi yenyewe. Tena yale yanayookoa mafuta kwenye barabara moja huyateketeza kwenye nyingine.

Wahandisi na wanasayansi wamelichunguza jambo hili kwa zaidi ya miaka mia moja, na matokeo yao hayahitaji fedha nyingi kuyatumia. Ningependa kila mwenye gari la porini ayajue kabla hajatoa shilingi yake kununua kifaa cha kubana mafuta.

Magari haya hayabebi watalii peke yao. Ndiyo ambulensi za vituo vya afya, ndiyo yanayopeleka chanjo, mbegu na mitihani ya shule mahali ambapo basi halifiki. Bei ya mafuta hutangazwa kila mwezi na mamlaka za udhibiti, EWURA kwa Tanzania na EPRA kwa Kenya, na mwenye gari hana la kufanya juu yake. Anachoweza kukisimamia ni idadi ya lita. Kituo cha afya kinachookoa lita tano kwa wiki kimepata kilomita 40 za kumfuata mama mjamzito kijijini.

Lita moja inaweza nini?

Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban megajuli 36. Nishati hiyo, kama yote ingegeuka kazi, ingetosha kuliinua gari lenye tani 2.8, pamoja na abiria na mizigo yake, kimo cha mita 1,300. Ni kama kutoka Mto wa Mbu, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Kila dereva wa njia hiyo anajua kwamba lita moja haifiki huko.

Sababu yake iligunduliwa na Mfaransa Sadi Carnot mwaka 1824. Alionyesha kwamba mashine yoyote inayoendeshwa kwa joto lazima itupe sehemu ya joto hilo. Fundi hodari anaweza kupunguza hasara, lakini hawezi kuifuta. Rudolf Diesel aliijua vyema elimu hiyo, na injini yake ilipopimwa Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, iligeuza takriban asilimia 26 ya nishati ya mafuta kuwa kazi, kiwango ambacho injini za mvuke za wakati ule hazikukifikia. Dizeli za zamani ambazo bado zinatumika sana kwetu, kama 1HZ ya lita 4.2 isiyo na tabo, zikiwa kwenye mwendo wa kawaida wa barabarani hazizidi sana kiwango hicho. Kati ya lita nne unazonunua, moja hivi husukuma gari. Tatu hutoka kama joto kupitia bomba la moshi na rejeta.

Habari hiyo inaweza kukatisha tamaa, lakini ndani yake mna faida kubwa. Ikiwa gurudumu hupata robo tu ya nishati ya mafuta, basi kila kazi unayolipunguzia gurudumu huokoa mara nne yake kwenye tangi. Ndiyo maana inafaa kuanza na kile kinacholipinga gari kusonga, kabla ya kuigusa injini.

Hewa hailipishi sawa kwa kila mwendo

Mwanzoni mwa karne ya 20, Gustave Eiffel, yule mhandisi wa mnara maarufu wa Paris, aliutumia mnara wake kama maabara. Aliangusha vibao vya maumbo mbalimbali kutoka kimo cha mita 115 na kupima jinsi hewa ilivyovipinga. Mwaka 1909 akajenga chumba cha kupimia upepo karibu na mnara huo. Vipimo vyake vilithibitisha kwa ushahidi wa wazi jambo lililokuwa likijadiliwa tangu enzi za Newton: upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi. Ukizidisha mwendo mara mbili, hewa inakusukuma nyuma mara nne.

Tuliweke hilo kwenye barabara ya Makuyuni. Land Cruiser ni gari la boksi, lenye kioo kilichosimama na uso wa karibu mita tatu za mraba. Kwa makadirio, likiwa kwenye mwinuko wa Arusha na kasi ya kilomita 80 kwa saa, hewa hulizuia kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 40. Matairi yenyewe, kwa kujikunja na kujikunjua juu ya lami, huongeza kiasi kinachokaribia hicho. Panda hadi kilomita 110 kwa saa, na hewa peke yake inafika kilo 75. Matairi yamebaki karibu palepale. Kwa jumla kazi ya kulisukuma gari kwa kila kilomita imeongezeka kwa zaidi ya asilimia 40, na ulichopata ni dakika 20 katika kila kilomita 100.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha kubana mafuta kwenye lami kiko kwenye mshale wa spidi. Cha pili kiko juu ya paa. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba sanduku kubwa la mizigo lililowekwa juu ya paa linaweza kupunguza umbali kwa lita kwa asilimia 10 hadi 25 kwenye kasi ya kilomita 105 hadi 120 kwa saa. Mwaka 2016 watafiti Yuche Chen na Alan Meier walikadiria kwamba keria za juu ya magari ya Marekani humaliza takriban galoni milioni 100 za petroli kwa mwaka, yaani karibu lita milioni 380, na sehemu ya hasara hiyo hutokana na keria zinazotembea zikiwa tupu.

Tazama magari yetu. Keria ya chuma, tairi mbili za akiba, madumu, jeki ndefu, taa nne za mbele, na paa la kutazamia wanyama ambalo mara nyingine huachwa wazi hata gari likiwa limerudi barabara kuu. Kila kimoja kina kazi yake porini, na sisemi kitupwe. Lakini ambulensi isiyobeba kitu juu haihitaji keria mwaka mzima, na paa la kufunguka lifungwe kabla gari halijashika lami. Mizigo inayoweza kuingia ndani iingie ndani. Uzito wake utabaki uleule, ila hewa haitaukuta njiani.

Tairi laini, tairi gumu

Tukishuka kutoka kwenye hewa, tunafika kwenye tairi, na hapa ndipo sayansi inapogeuka kwa namna ya kushangaza.

Mwaka 1845 Robert William Thomson kutoka Scotland alisajili hataza ya gurudumu lililojazwa hewa, miaka zaidi ya 40 kabla ya John Boyd Dunlop kulifanya lijulikane duniani. Watu wa wakati ule waliamini kwamba gurudumu gumu ndilo jepesi kuvuta. Thomson alionyesha kwamba kwenye barabara mbaya mambo ni kinyume. Gurudumu la chuma likikutana na jiwe, gari zima lazima liinuliwe. Tairi la hewa linalimeza jiwe na gari linapita.

Lakini kumeza huko kuna gharama. Kila mara tairi linapobonyea na kurudi, mpira wake haurudishi nishati yote uliyopewa. Sehemu hugeuka joto, na ndiyo sababu tairi huwa moto baada ya safari ndefu. Upepo ukipungua, tairi hubonyea zaidi na joto huongezeka. Kwa lami, Wizara hiyohiyo ya Marekani hukadiria hasara ya asilimia 0.2 ya mafuta kwa kila PSI moja inayopungua kwa wastani wa matairi yote. Tairi zilizopungua PSI 10 bila mwenyewe kujua zinamgharimu asilimia mbili kila siku, na zaidi ya hapo zinahatarisha maisha, kwa sababu tairi linalochemka likiwa na mzigo ndilo linalopasuka.

Fundisho la lami basi ni rahisi: jaza upepo kama kibandiko cha mlangoni kinavyoelekeza kwa mzigo uliobeba, na upime asubuhi tairi likiwa baridi. Sasa chukua tairi hilo gumu uliingize kwenye mchanga, na fundisho linapinduka.

Ralph Bagnold alikuwa afisa mhandisi wa jeshi la Uingereza aliyepangiwa Misri katika miaka ya 1920. Likizo zake alizitumia kuvuka jangwa la Libya kwa magari ya Ford yaliyopunguziwa kila kisichohitajika. Yeye na wenzake walijifunza kwamba kutoa upepo kwenye matairi ndiko kulikoliwezesha gari la kawaida kupita mahali palipodhaniwa hapapitiki kwa magurudumu. Bagnold hakuridhika na ujuzi wa safari tu. Aliupeleka mchanga maabara, akaupima, na mwaka 1941 akatoa kitabu kuhusu fizikia ya mchanga upeperushwao na vilima vyake, ambacho watafiti wanaendelea kukitumia.

Aliyeeleza kwa hesabu kwa nini mbinu hiyo inafaa ni Mieczysław Bekker, mhandisi aliyezaliwa Poland mwaka 1905 na kufanya kazi Canada na Marekani. Kitabu chake cha mwaka 1956 kiliweka msingi wa elimu ya magari kwenye ardhi isiyo na barabara. Wazo lake kuu mtu yeyote anaweza kulikagua kwa macho: mfereji unaoachwa na tairi ni kazi iliyofanyika. Udongo uliogandamizwa pale haukujigandamiza. Nguvu ilitoka kwenye injini, nayo injini iliitoa kwenye tangi. Mfereji ni stakabadhi: upana na kina chake vinakuonyesha ulicholipa.

Kwenye lami ngumu matairi ya gari letu la tani 2.8 hupingwa kwa nguvu inayolingana na kilo 40 na kidogo. Kwenye mchanga mlegevu nguvu hiyo inaweza kuzidi mara kumi. Ndiyo maana kilomita moja ya mchanga inaweza kula mafuta ya kilomita tano au sita za lami, hata kama hewa haisumbui kwa mwendo ule mdogo.

Sasa toa upepo. Gurudumu moja linabeba takriban kilo 700. Likiwa na PSI 35, eneo linalogusa ardhi ni karibu sentimita za mraba 285. Shusha hadi PSI 18 na eneo hilo linakaribia mara mbili. Uzito uleule umesambaa, tairi linazama kidogo tu, na mfereji unakuwa wa kina kifupi. Hapa pana siri nyingine iliyomo kwenye hesabu za Bekker. Tairi linapotolewa upepo, mguso wake hurefuka kuliko unavyopanuka. Urefu huo hupunguza kuzama bila kuongeza sana upana wa udongo unaopaswa kugandamizwa. Tairi pana linaloonekana la kibabe nalo hupunguza kuzama, lakini huchimba mfereji mpana, huongeza uzito, na likirudi kwenye lami hukutana na hewa zaidi. Kutoa upepo kunakupa faida ya mchanga pale unapouhitaji tu, na hakugharimu chochote.

Elimu hii ilifika mbali. Bekker alishiriki kubuni gari la mwezini, lililotumika kwa mara ya kwanza na wanaanga wa Apollo 15 mwaka 1971. Magurudumu yake yalisukwa kwa nyaya za chuma ili yabonyee kama tairi lenye upepo kidogo, kwa kuwa nishati ya betri zake ilikuwa na mpaka na vumbi la mwezini ni laini.

Kuna masharti mawili. Tairi lililotolewa upepo liendeshwe polepole, na liepushwe na mawe makali yanayoweza kuchana ubavu wake. Na kabla ya kurudi lami, lijazwe tena. Bila pampu ndogo ya upepo ndani ya gari, ushauri wote wa mchanga ni hatari tupu.

Mfereji una fundisho jingine. Magurudumu ya nyuma hupita kwenye udongo uliokwisha kugandamizwa na ya mbele, hivyo hulipa kidogo. Gari la pili kwenye msafara hulipa kidogo kuliko la kwanza. Anayefuata njia iliyokwisha kukanyagwa anaokoa dizeli, na hapohapo anaokoa majani na udongo wa mbuga. Kanuni za Serengeti zinazokataza kuacha njia zimewekwa kwa ajili ya hifadhi, lakini zinalinda pia mfuko wa mwenye gari.

Vivyo hivyo kwa kuunganisha magurudumu ya mbele. Kwenye mchanga, gurudumu linaloteleza huzunguka bila kusonga, na kila mzunguko wa bure ni mafuta. Magurudumu manne yakigawana kazi, mtelezo hupungua. Lakini kwenye lami kavu, gari lisilo na difu ya kati likipinda, magurudumu ya mbele hutaka kwenda umbali mrefu kuliko ya nyuma, na kwa kuwa yamefungwa pamoja, mfumo mzima hujinyonga. Hapo unapoteza mafuta, matairi na gia.

Mguu wa dereva

Kati ya Arusha na Karatu kuna matuta mengi, kama ilivyo kwenye kila barabara yetu inayopita vijijini. Gari la tani 2.8 kwenye kasi ya kilomita 80 kwa saa limebeba nishati ya mwendo ya takriban kilojuli 690. Ukilifikia tuta kwa kasi hiyo na kukanyaga breki hadi karibu usimame, nishati yote hiyo inageuka joto la breki. Kuirudisha kwa injini inayogeuza robo tu ya mafuta yake kuwa kazi kunahitaji kama mililita 75 za dizeli. Matuta 13 ya namna hiyo ni lita moja iliyoishia kwenye pedi.

Dereva anayeondoa mguu kwenye mafuta mita 200 kabla ya tuta, gari likiwa ndani ya gia, anaitumia akiba hiyo ya mwendo badala ya kuichoma. Kwa injini nyingi za sindano, za petroli na za dizeli, mguu ukiondolewa na gari likiendelea kuvutwa na mwendo wake, mafuta hukatwa hadi injini inapokaribia mzunguko wa sailensa. Kwa hiyo desturi ya kuweka gia huru kwenye mteremko haiokoi kitu. Ukiweka gia huru, injini lazima inywe mafuta ili isizime, na wewe umepoteza msaada wa injini katika kulizuia gari. Kwenye mteremko wa Mto wa Mbu, kosa hilo linaweza kuua watu.

Kuacha injini ikinguruma wakati abiria wanatazama simba ni hasara ya aina hiyohiyo. Dizeli kubwa ikiwa imesimama hula nusu lita hadi lita nzima kwa saa, na umbali wake ni sifuri.

Kinachouzwa na kinachofaa

Sokoni kuna sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, vidonge vya kutia tangini na vifaa vya kukoroga hewa. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limechunguza zaidi ya vifaa 100 vya namna hiyo bila kupata hata kimoja kinachopunguza mafuta kwa kiasi cha maana. Sasa sababu iko wazi. Hakuna sumaku inayopunguza hewa mbele ya gari wala kina cha mfereji mchangani.

Chujio la hewa nalo lina somo. Mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge huko Tennessee ilionyesha kwamba kwenye magari ya kisasa ya petroli, chujio lililoziba halibadilishi sana matumizi ya mafuta, kwa kuwa kompyuta ya injini hurekebisha kiasi cha mafuta. Gari hupoteza nguvu ya kuondoka tu. Dizeli ya zamani yenye pampu isiyo na kompyuta haina msaada huo. Hewa ikipungua, mafuta yanaendelea kuja, na yasiyopata hewa ya kutosha hutoka kama moshi mweusi. Kwa magari yetu ya vumbi, moshi mweusi mlimani ni mafuta yaliyonunuliwa na hayakuungua. Angalia chujio kwanza, kisha mpelekee fundi apime nozeli.

Yote haya yanaweza kuthibitishwa na dereva mwenyewe. Jaza tangi hadi pampu ijikate, andika kilomita, safiri kama kawaida, kisha jaza tena kwenye pampu ileile na ugawanye. Rudia mara kadhaa kabla ya kuamini jibu, maana mzigo, mvua na milima hubadilisha hesabu. Ukiwa umefunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani, pima umbali kwa simu, kwa sababu dashibodi itahesabu kilomita pungufu na kukuonyesha gari linakula kuliko linavyokula kweli.

Kila lita ya dizeli inayochomwa hutoa zaidi ya kilo mbili na nusu za hewa ya ukaa, na nyingi ya lita hizo huja kwetu kwa meli na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wanaosimamia magari ya hospitali, miradi, shule na kampuni za utalii: kila gari la porini lipewe geji ya upepo na pampu ya kujazia, na dereva wake afundishwe lini kutoa na lini kurudisha. Vifaa hivyo viwili vinagharimu kidogo kuliko tangi moja la dizeli. Dereva aliyefundishwa ataendelea kurudisha gharama hiyo katika kila safari, na gari atakalolileta litakuwa na matairi mazima na abiria salama.